SOMO LA SHERIA KWA RAIA: UPEKUZI WA GARI BARABARANI, MAMLAKA YA POLISI NA HAKI YA MWENYE GARI

Utangulizi

Mkoa wa Kagera unapakana na nchi tatu, nazo ni Uganda, Rwanda na Burundi. Upande wa mashariki mkoa huo unapakana na Ziwa Viktoria pamoja na visiwa vyake. Kwa sababu hiyo, wakazi wa kata ya Kitendaguro katika Manispaa ya Bukoba, kama walivyo wenzao wa Muleba na Misenyi, hukutana na askari barabarani mara kwa mara. Ndizi, kahawa, maharage na samaki hupita katika barabara hizo kila siku. Humo humo hupita pia, kwa uchache wake, mali ya wizi, bidhaa za magendo na dawa za kulevya. Askari anayesimamisha gari hawezi kujua kwa kulitazama tu ni lipi lililobeba riziki halali na ni lipi lililobeba uhalifu.

Wananchi wengi hujiuliza swali moja: je, mwenye gari anaweza kukataa gari lake lisipekuliwe? Wako wanaodhani kwamba askari anaweza kufungua chochote wakati wowote. Wako pia wanaodhani kwamba hakuna askari anayeweza kugusa gari bila karatasi ya mahakama. Dhana zote mbili si sahihi, na kila moja imewatia watu hasarani. Somo hili linakusudia kueleza mahali ambapo mamlaka ya Polisi yanaanza na mahali yanapokoma, na pia namna raia anavyopaswa kudai haki yake bila ya kuvunja sheria.

Mfano wa kufundishia

Ili jambo lieleweke, utolewe mfano wa kubuni. Dereva wa pikapu anaondoka Kitendaguro saa kumi na moja alfajiri. Amepakia mikungu ya ndizi na magunia mawili ya kahawa ya maganda, ambayo ni mavuno ya kibanja cha mama yake mzazi. Anafika kwenye kizuizi na kusimamishwa. Askari anaomba leseni, naye anaitoa. Askari anatazama taa na matairi, kisha anasema:

"Shusha mzigo wote."

"Afande, naomba kujua sababu," dereva anajibu.

"Sababu utaijua kituoni."

Mzigo unashushwa. Magunia mawili ya kahawa yanachukuliwa, na dereva anaambiwa aende zake. Hakupewa karatasi yoyote, hakuna shahidi aliyeitwa, wala hakuuliza jina la askari. Baada ya siku nne anafika kituoni na kukuta gunia moja. Anapodai la pili, anaulizwa ana uthibitisho gani kwamba yalikuwa mawili. Hana. Fedha ya kahawa ile ndiyo iliyokuwa ilipe karo ya wadogo zake.

Katika mfano huu yametendeka mambo matatu tofauti: gari lilisimamishwa, likakaguliwa, kisha likapekuliwa na mali ikachukuliwa. Kila jambo lina sheria yake. Mwananchi asiyeyatenganisha hushindwa kujua ni wapi alipodhulumiwa.

Kusimamishwa na kukaguliwa

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) inampa askari polisi mamlaka ya kusimamisha gari, kudai leseni ya dereva na kuangalia iwapo gari linafaa kutembea barabarani. Breki, taa, matairi, bima, idadi ya abiria na uzito wa mzigo ni mambo ya ukaguzi wa namna hiyo. Hapa askari hahitaji hati wala hahitaji kumshuku dereva kwa uhalifu. Dereva anayekataa kusimama au kutoa leseni hatumii haki yoyote, bali anatenda kosa.

Ifahamike hata hivyo kwamba ukaguzi wa usalama una mipaka inayotokana na kusudi lake. Kutazama matairi hakuhitaji kufunguliwa kwa mkoba wa abiria. Ubora wa breki hauonekani ndani ya sanduku la nguo. Askari anapotoka kwenye gari lenyewe na kuingia kwenye vitu vilivyomo, ameacha ukaguzi na ameanza upekuzi, nao una masharti mengine.

Kupekuliwa

Msingi wa jambo hili umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Haki za binadamu ziliingizwa ndani ya Katiba hiyo kwa marekebisho ya mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria kuweka utaratibu wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Kwa Tanzania Bara, utaratibu huo umo hasa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 (Sura ya 20). Namba za vifungu zinazotajwa hapa ni zile za sheria hiyo kama ilivyochapishwa katika Toleo la mwaka 2019. Msomaji mwenye toleo jingine atafute kwa kufuata jina la kifungu.

Sheria hiyo inaweka njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni upekuzi kwa hati au idhini ya maandishi, chini ya kifungu cha 38. Mkuu wa kituo cha polisi akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kuwa ndani ya jengo, chombo, sanduku au mahali fulani mna kitu kinachohusiana na kosa, anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi. Idhini hiyo ikitolewa, hakimu anapaswa kuarifiwa mapema iwezekanavyo juu ya kutolewa kwake, sababu zake na matokeo ya upekuzi. Kwa mujibu wa kifungu cha 40, hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine.

Njia ya pili ni upekuzi wa dharura, chini ya kifungu cha 42. Hapa askari anaweza kumpekua mtu, au kuingia katika eneo, jengo, chombo cha majini au gari bila hati. Masharti ni mawili, na yote mawili lazima yawepo kwa pamoja. Kwanza, awe anaamini kwa sababu za msingi kwamba upekuzi unahitajika ili kitu kinachohusiana na kosa kisipotee wala kuharibiwa. Pili, uzito na uharaka wa jambo lenyewe uwe wa kiasi cha kutoruhusu kusubiri hati.

Upekuzi mwingi wa magari barabarani huingia katika njia hii ya pili, na sababu yake inaeleweka. Nyumba haiondoki mahali ilipo askari akienda kutafuta hati, lakini gari lililoachwa Rwamishenye asubuhi linaweza kuwa limekwisha kuvuka Mutukula kabla ya adhuhuri. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hoja ya namna hiyo hiyo mwaka 1925, wakati wa marufuku ya pombe nchini humo: gari linaweza kupekuliwa bila hati kwa kuwa huweza kuondoshwa upesi, lakini ni lazima askari awe na sababu ya kutosha ya kuamini kuwa limebeba kitu haramu. Wepesi wa gari kuondoka humwondolea askari sharti la hati. Haumwondolei sharti la kuwa na sababu.

Nini maana ya sababu za msingi

Sababu ya msingi ni jambo ambalo askari ameliona, amelisikia, amelinusa au ameambiwa, na ambalo anaweza kulieleza mbele ya hakimu. Taarifa kwamba usiku huo ghala limevunjwa na pikapu ya rangi fulani imeonekana ikitoka, ni sababu. Harufu ya bangi inayotoka ndani ya gari ni sababu. Damu mbichi inayochuruzika kutoka katika mzigo unaosemekana kuwa mchele ni sababu.

Kwa upande mwingine, sura ya mtu, kabila lake, mavazi yake au uchakavu wa gari lake havitoshi. Wala haitoshi kwamba dereva ameuliza. Raia anayeuliza sababu anatumia haki yake, na swali lake haliwezi kugeuzwa kuwa ushahidi wa hatia. Nchini Uingereza, sheria ya Polisi na ushahidi ya mwaka 1984 inamtaka askari ataje jina lake, kituo chake, kitu anachokitafuta na sababu ya kukitafuta kabla hajapekua gari. Majirani wa Tanzania nao wameliandika jambo hili katika katiba zao. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza upekuzi usio halali wa mtu, makazi na mali yake, na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja mwili, makazi na mali.

Sheria maalumu

Aidha, mwananchi azingatie kwamba ziko sheria nyingine zinazotoa mamlaka ya upekuzi kwa mambo maalumu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, katika kifungu cha 106, inamruhusu ofisa aliyeidhinishwa kupekua gari bila hati akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kosa chini ya sheria hiyo limetendeka au linakaribia kutendeka. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ina utaratibu wake. Maofisa wa forodha nao wana mamlaka yao chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Dereva anayevuka Mutukula, Rusumo au Kabanga asitegemee kwamba mpakani atatendewa kama aliye njiani kutoka Kitendaguro kwenda sokoni.

Je, inawezekana kukataa?

Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, askari akiomba ridhaa, kwa mfano akisema, "Unaweza kunifungulia buti nione?", mwenye gari anaweza kukubali au kukataa kwa adabu. Ombi si amri. Anayekubali bila kuuliza lolote atapata taabu kueleza baadaye kwamba hakuridhia.

Pili, askari akiamuru, mwenye gari ana haki ya kuuliza mambo manne: jina na namba ya askari, kitu kinachotafutwa, sababu ya kukitafuta, na kama ipo hati au idhini ya maandishi. Anaweza pia kutamka mbele ya mashahidi kwamba hajaridhia upekuzi huo. Maneno yanayofaa ni machache: "Afande, sizuii kazi yako, ila sijaridhia gari langu kupekuliwa bila kuelezwa sababu."

Tatu, askari akiendelea baada ya maneno hayo, raia asimzuie kwa mwili wake, asifunge milango, asiondoe gari wala asirushe matusi. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inafanya kuwa kosa kumpinga au kumzuia kwa makusudi askari aliye katika utekelezaji halali wa kazi yake. Barabarani si mahali pa kuamua kama kazi hiyo ilikuwa halali au la. Jambo hilo huamuliwa na mahakama, na kule raia hushinda kwa kumbukumbu alizoziweka. Nguvu alizotumia humharibia.

Stakabadhi na mashahidi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kifungu cha 38 kinamtaka ofisa aliyechukua kitu kutoa stakabadhi, yenye saini ya mwenye mali au aliyekuwa na mali hiyo, pamoja na saini za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Katika Rufaa ya Jinai Na. 384 ya mwaka 2008, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba lengo la stakabadhi na saini hizo ni kuhakikisha kuwa mali iliyokamatwa haikutoka mahali pengine ila pale palipotajwa. Katika maamuzi mengine Mahakama hiyo imeona kwamba hati ya ukamataji mali iliyosainiwa vizuri inaweza kutosheleza lengo hilo.

Stakabadhi inamlinda raia dhidi ya mambo mawili: kuwekewa kitu ambacho hakuwa nacho, na kupotelewa na kitu alichokuwa nacho. Inamlinda pia askari mwaminifu dhidi ya tuhuma za uongo. Mwenye mali asome kwanza kabla ya kusaini, ahakikishe idadi na uzito vimeandikwa, na abaki na nakala. Asisaini karatasi tupu.

Hali kadhalika, sheria inaagiza kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Abiria wa basi naye ana haki ya kuwepo wakati mzigo wake unapofunguliwa. Kondakta hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya mwenye mzigo.

Upekuzi ukiwa haramu

Kifungu cha 169 kinaipa mahakama uwezo wa kukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria, na upande unaotaka ushahidi huo upokelewe ndio unaobeba mzigo wa kuishawishi mahakama. Katika Rufaa ya Jinai Na. 390 ya mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilikataa kuutegemea ushahidi uliotokana na upekuzi wa nyumba uliofanywa bila hati. Polisi wenyewe wana maelekezo ya ndani juu ya upekuzi, yaani PGO Na. 226. Hata hivyo, kukataliwa kwa ushahidi si jambo la moja kwa moja. Mahakama hupima manufaa ya umma na haki za mtu, kisha huamua.

Mwananchi aliyedhulumiwa aanze kwa mkuu wa kituo, kisha ngazi ya wilaya na mkoa. Akiombwa rushwa, apige simu TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo. Anaweza pia kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize juu ya watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwa watumishi wa umma

Gari lenye namba za Serikali halina kinga dhidi ya upekuzi halali. Dereva wa Serikali anayejibu kwa ukali kwamba "hili ni gari la bosi" anakosea mara mbili, kwa kuwa anaidharau sheria na pia anaitia aibu ofisi yake. Kinga dhidi ya upekuzi ni ya vyombo vya usafiri vya balozi za nchi za nje, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961.

Watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa nao huitwa mara nyingi kuwa mashahidi. Shahidi asisaini alichosimuliwa. Asaini alichokiona kwa macho yake, na awepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Visiwani na Zanzibar

Kifungu cha 42 kinataja chombo cha majini pamoja na gari. Kwa hiyo wavuvi na wasafiri wa Bumbire, Kerebe, Goziba na Musira wana haki na wajibu ule ule mashua zao zinaposimamishwa. Kwa upande wa Zanzibar, Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, lakini mwenendo wa makosa ya jinai unaongozwa na sheria ya Zanzibar yenyewe, na ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda maisha binafsi. Mtumishi anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine aisome sheria ya kule anakokwenda.

Kurudi kwenye mfano

Dereva wa Kitendaguro alipotii amri ya kusimama alifanya sawa. Alipouliza sababu alifanya sawa pia. Iwapo askari alikuwa na taarifa za kahawa iliyoibwa, upekuzi wake ungeweza kuwa halali hata bila hati, lakini alipaswa kusema hivyo. Kosa lisilo na utetezi ni kuchukua magunia bila stakabadhi. Naye dereva alipoondoka bila jina, bila namba na bila shahidi, aliiacha haki yake pale pale barabarani. Kama angesubiri dakika kumi, akaandika namba ya askari, akawaomba abiria wawili wa gari la nyuma washuhudie idadi ya magunia, na akafika kituoni asubuhi ile ile badala ya siku ya nne, swali la uthibitisho lingekuwa na jibu.

Maswali ya kujipima

1. Je, askari anahitaji hati ili kutazama leseni na matairi? Hapana.

2. Je, anaweza kupekua mzigo ndani ya gari bila hati? Ndiyo, kukiwa na sababu za msingi na uharaka unaotakiwa na sheria.

3. Je, raia anaweza kutamka kwamba hajaridhia? Ndiyo, kwa adabu.

4. Je, anaweza kumzuia askari kwa nguvu? Hapana. Malalamiko yapelekwe kwa mkuu wa kituo, kwenye vyombo husika na mahakamani.

5. Mali ikichukuliwa, ni kitu gani cha kwanza kudai? Stakabadhi yenye idadi, saini na mashahidi.

Wananchi wanaombwa kuwasomea somo hili jamaa zao wasiojua kusoma, hususan madereva wa pikapu, waendesha bodaboda na manahodha wa mashua.